Askari na Mkaguzi Wake: Sheria za Polisi nchini Kenya

Polisi wa kwanza wa Kenya waliajiriwa kulinda bohari. Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki, iliyopata hati yake ya kifalme mwaka 1888, ilikuwa na shehena Mombasa na misafara iliyoelekea bara, na mali hiyo ilitaka walinzi wenye bunduki. Reli ilipoanza kujengwa mwaka 1896, walinzi waliongezwa waifuate njia ya chuma kuelekea ziwani. Sheria ilikuja nyuma ya bunduki. Amri ya Polisi ya mwaka 1906 ndiyo iliyokipa kikosi hicho msingi wa kisheria, na kanuni za adhabu na za mashtaka zilizotumika zilikuwa zimeazimwa kutoka India, ambako Mwingereza alikuwa amezitunga kwa ajili ya kutawala. Mwaka 1920, himaya ilipogeuzwa koloni, kikosi kikaitwa Polisi wa Kenya.

Katika mpango huo askari alikuwa na bwana mmoja, gavana, na aliyepigwa na askari alikwenda kulalamika kwa bwana huyohuyo. Maswali mawili yaliachwa bila jibu: nani asiruhusiwe kumwamuru askari, na nani amhoji risasi ikishatoka? Kenya imekuwa ikiyajibu maswali hayo kwa zaidi ya miaka 100, na karibu kila jibu limeandikwa baada ya mazishi.

Machi 16, 1922, umati ulikusanyika nje ya kituo cha polisi cha Kingsway, Nairobi, kudai Harry Thuku aachiliwe. Thuku alikuwa amekamatwa kwa kupinga kodi, kipande na kazi ya kulazimishwa waliyofanyishwa wanawake na wasichana. Mary Muthoni Nyanjiru aliwakemea wanaume waliokuwa wakisitasita, umati ukasogea mbele, polisi wakafyatua risasi. Walowezi waliokuwa Hoteli ya Norfolk, hatua chache kutoka hapo, nao walifyatua. Watu zaidi ya 20 waliuawa, Nyanjiru akiwa mmoja wao. Thuku alipelekwa uhamishoni Kismayu bila kushtakiwa kortini. Kituo kile bado kipo. Leo kinaitwa Central, na tutakifikia tena.

Kuna kisa cha miaka ya Hali ya Hatari ambacho natamani kila mkufunzi wa chuo cha polisi cha Kiganjo angekifundisha siku ya kwanza. Mapema mwaka 1954, wakati vita vya Mau Mau vimepamba moto, serikali ya Uingereza ilimleta Arthur Young kuwa Kamishna wa Polisi wa Kenya. Alikuwa mkuu wa polisi wa Jiji la London, alikuwa ametoka kuwapanga upya polisi wa Malaya, na hakuwa mpinzani wa ukoloni hata kidogo. Lakini alikuja na imani moja ngumu: kwamba polisi anawajibika kwa sheria, na mkuu wa wilaya hana mamlaka ya kumwambia nani achunguzwe na nani aachwe.

Alichokikuta kilimshtua. Walinzi wa vijijini waliokuwa upande wa serikali, Homu Gadi, walikuwa na vituo vyao ambamo watu walipigwa, waliporwa na kuuawa. Wapelelezi walipofungua majalada dhidi ya machifu na walinzi hao, maofisa wa utawala waliyazuia. Hoja yao ilikuwa kwamba ukimshtaki mtu aliye upande wako katikati ya vita, utampoteza. Wakati huohuo korti za Hali ya Hatari zilikuwa zikiwapeleka watu kwenye kitanzi kwa makosa kama kupatikana na risasi; Waafrika zaidi ya 1,000 walinyongwa katika miaka ile. Sheria ilikuwa kali kupita kiasi upande mmoja na haikuwepo kabisa upande wa pili.

Young alimwomba Gavana Evelyn Baring awaachie wapelelezi kazi yao. Gavana alimzungusha. Desemba 1954, kabla hata ya mwaka kutimia, Young alijiuzulu, na barua yake ya sababu ikafichwa. Umma uliambiwa maneno machache yasiyo na uzito, ingawa Barbara Castle na wabunge wenzake wa upinzani huko London waliendelea kuidai barua hiyo. Mwezi uliofuata, Januari 1955, Baring alitangaza msamaha ambao, pamoja na kuwaahidi wapiganaji wa msituni usalama wakijisalimisha, uliwakinga Homu Gadi na mashtaka kwa waliyokuwa wameyatenda. Majalada ya wapelelezi yakafungwa kwa tamko la mtu mmoja. Kwangu mimi hapo ndipo ilipozaliwa kinga ambayo Kenya huru iliirithi.

Kwa sababu iliirithi kweli. Katiba ya uhuru ya mwaka 1963 ilikuwa na Tume ya Huduma ya Polisi, iliyokusudiwa kuweka ajira na upandishaji vyeo mbali na mikono ya wanasiasa. Marekebisho yaliyofuata yaliiondoa, na rais akabaki kuwa ndiye anayemteua kamishna na anayeweza kumfuta kazi apendapo. Polisi walitawaliwa na Sura ya 84 ya Sheria za Kenya, na Polisi wa Utawala, waliotokana na polisi wa kikabila wa enzi ya ukoloni, wakawa na Sura ya 85 yao wenyewe chini ya wakuu wa mikoa na wilaya. Ngao ya polisi iliandikwa Utumishi kwa Wote, kwa Kiswahili. Ndani ya Sura ya 84 hapakuwa na mtu yeyote kutoka nje ya kikosi aliyepewa kazi ya kumhoji askari.

Kaskazini mambo yalikuwa mabaya zaidi. Baada ya vita vya Shifta, vya waliotaka eneo hilo lijitenge na Kenya, Bunge lilipitisha mwaka 1970 Sheria ya Kinga, iliyozuia watu kudai fidia kortini kwa matendo ya maofisa wa usalama yaliyofanyika kati ya Desemba 25, 1963 na Desemba 1, 1967 katika maeneo ya Kaskazini Mashariki, Isiolo, Marsabit, Tana River na Lamu. Mtu aliyechomewa nyumba Garissa na mtu aliyechomewa nyumba Nyeri hawakuwa tena raia wa sheria moja. Sidhani kuna sheria nyingine ya Kenya huru iliyotamka wazi namna hiyo kwamba kuna Wakenya ambao damu yao haitaulizwa. Mwaka 1984, katika uwanja wa ndege wa Wagalla, Wajir, wanaume wa jamii ya Degodia walikusanywa na maofisa wa usalama, wakalazwa juani kwa siku kadhaa, na wengi wakauawa. Serikali ilisema wamekufa 57. Wakazi wanataja idadi inayofika maelfu.

Kisha mwaka 1988, Bunge la chama kimoja lilibadili katiba na kuwaruhusu polisi kumshikilia kwa siku 14 mshukiwa wa kosa la adhabu ya kifo kabla ya kumfikisha mbele ya hakimu. Katika marekebisho yayo hayo, majaji walinyang'anywa ulinzi wa kazi zao. Vifungu hivyo viwili visomwe pamoja: askari aliongezewa muda na mtu, na jaji ambaye angemuuliza amefanya nini katika muda huo akawekwa mahali ambapo angeweza kufukuzwa. Hii ndiyo miaka ya vyumba vya chini vya Nyayo House, Nairobi, ambamo wapinzani wa serikali waliteswa. Walionusurika mle walisubiri hadi baada ya 2002 kuweza kushtaki, na Julai 2010 Mahakama Kuu iliamuru kundi moja lao lilipwe fidia na kutamka kwamba haki zao zilikuwa zimevunjwa.

Mageuzi madogo yalipatikana kwa shinikizo la barabarani. Julai 7, 1997, siku ya Saba Saba, polisi waliwafuata waandamanaji hadi ndani ya Kanisa Kuu la All Saints, Nairobi, na kuwapiga. Miezi michache baadaye wabunge wa pande zote walikaa pamoja na kukubaliana mabadiliko. Leseni ya mkutano wa hadhara iliondolewa, ikabaki taarifa tu kwa polisi. Kuwekwa kizuizini bila mashtaka kukafutwa. Na Sheria ya Polisi ikaongezewa kifungu cha kukataza mateso. Yalikuwa mabadiliko ya kweli, ila nani angehakikisha yanafuatwa halikusemwa.

Ilichukua vita vya baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 kulisema. Tume ya Jaji Philip Waki ilipokabidhi ripoti yake Oktoba 15, 2008, ilihesabu vifo 1,133, na 405 kati ya hivyo vilikuwa vya risasi. Wananchi wa kawaida walipigana kwa mapanga, mishale na moto. Bunduki zilikuwa za serikali. Zaidi ya theluthi moja ya waliokufa, basi, waliuawa kwa silaha ambayo kwa sehemu kubwa ilikuwa mikononi mwa wale waliolipwa kuwalinda.

Kisa kimoja cha wakati ule kilinishawishi zaidi ya takwimu. Januari 2008, kamera ya televisheni ya KTN mjini Kisumu ilimnasa askari akimpiga risasi kijana asiye na silaha aliyekuwa akimfanyia dhihaka barabarani, kisha akamwendea pale alipoanguka na kumpiga teke. Nchi nzima iliona. Askari alishtakiwa kwa mauaji, na mwaka 2010 Mahakama Kuu ikamwachilia, kwa kuwa nambari ya bunduki iliyoletwa kama kielelezo haikulingana na ile ya bunduki iliyohusishwa na risasi. Jaji hakuwa na la kufanya; korti huamua kwa ushahidi uliowekwa mbele yake. Lakini ni nani aliyeitunza bunduki ile, akaiandikisha kwenye daftari la silaha, akaipeleka kupimwa na kuirudisha? Ni kikosi chenyewe. Polisi walikuwa mshukiwa, mpelelezi na mtunza vielelezo.

Wakati huohuo Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilikuwa ikikusanya taarifa za vijana walioshukiwa kuwa wafuasi wa kundi haramu la Mungiki waliokamatwa na kupatikana wamekufa vichakani, na mnamo Septemba 2008 ikatoa ripoti iliyowanyoshea polisi kidole. Februari 2009 alikuja Philip Alston, mtaalamu wa Umoja wa Mataifa wa masuala ya mauaji yanayofanywa nje ya sheria. Alisikiliza, akasafiri, na kabla ya kuondoka akapendekeza hadharani kwamba kamishna wa polisi na mwanasheria mkuu waondoke. Machi 5, siku chache tu baada ya ziara yake, Oscar Kamau King'ara na John Paul Oulu, watetezi wa haki waliokuwa wamempa ushahidi, walipigwa risasi ndani ya gari karibu na mabweni ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Ilikuwa saa za jioni, magari yamejaa barabarani, na watu wanaona.

Serikali ya mseto ilikuwa tayari imeunda, kwa tangazo la gazeti rasmi mwaka 2008, bodi ya kuwaangalia polisi. Haikuwa na sheria yake wala meno. Ndipo Mei 2009 jopo chini ya jaji mstaafu Philip Ransley likapewa kazi ya kupanga mageuzi yote. Ripoti yake ya Novemba mwaka huo ilikuwa na mapendekezo zaidi ya 200, na sifa yake kubwa, kwa maoni yangu, ni kwamba iliwaangalia polisi nao kama binadamu. Iliwakuta askari wenye familia wakigawana chumba kimoja kwa pazia, wengine wakiishi kwenye vibanda vya mabati, wakilipwa mshahara usiotosha na kupandishwa cheo kwa kujuana. Wapo wanaodhani kumkagua askari ni kumchukia. Wakumbuke Baragoi, Novemba 2012, ambapo askari zaidi ya 40 walitumwa kufuata wezi wa mifugo katika bonde la Suguta bila mpango wa maana, wakaviziwa na kuuawa. Mfumo usiokaguliwa huua askari wake pia.

Katiba ya Agosti 27, 2010 ilichukua mawazo hayo na kuyapa uzito wa juu kabisa. Polisi wa Kenya na Polisi wa Utawala waliwekwa chini ya Inspekta Jenerali mmoja. Ibara ya 245 ilisema jambo ambalo Arthur Young alilipigania bure: waziri anaweza kumpa Inspekta Jenerali mwongozo wa sera, na lazima uwe kwa maandishi, lakini mtu yeyote hawezi kumwelekeza kuhusu uchunguzi wa kosa fulani wala kuhusu kutekeleza sheria dhidi ya mtu fulani. Siku 14 za mwaka 1988 zikawa saa 24.

Mwaka 2011 Bunge likatunga sheria tatu. Ya kwanza ni Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi, iliyozika Sura za 84 na 85. Ya pili ni ya Tume ya Huduma ya Polisi, na ya tatu ni Sheria ya Mamlaka Huru ya Kusimamia Utendakazi wa Polisi, ambayo Wakenya wote wanaiita IPOA. Jedwali la Sita la sheria ya kwanza ndilo lingefaa kubandikwa katika kila kituo. Linasema bunduki itumike pale tu njia nyingine zimeshindwa. Kwamba askari akiua au kujeruhi vibaya lazima IPOA ijulishwe. Na kwamba kutii amri ya mkubwa si utetezi kwa nguvu iliyotumika kinyume cha sheria. IPOA ilipewa uwezo wa kuingia vituoni, kudai nyaraka, kuwaita maofisa na kuwahoji. Haikupewa uwezo wa kushtaki. Jalada lake huenda kwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Bodi yake ya kwanza, ikiongozwa na wakili Macharia Njeru, ilianza kazi Juni 2012.

Karibu miaka minne ilipita kabla ya hukumu ya kwanza, na ilitoka Pwani. Usiku mmoja wa Agosti 2014, polisi walikwenda kwenye boma moja huko Kinango, kaunti ya Kwale, wakimtafuta mshukiwa wa mauaji. Msichana wa miaka 14 alipigwa risasi ndani ya nyumba, akafa. Maelezo ya polisi yalikuwa kwamba aliwashambulia kwa panga. Zamani kisa kingeishia hapo, kwenye kitabu cha matukio cha kituo: mshambuliaji mwenye panga, askari aliyejitetea. Lakini safari hii kulikuwa na wachunguzi ambao mshahara wao haukutoka kwa Inspekta Jenerali. Waliomba amri ya korti, mwili ukafukuliwa na kufanyiwa uchunguzi upya, mashahidi wakaandikwa, na Februari 2016 Mahakama Kuu ya Mombasa ikawahukumu maofisa wawili kifungo cha miaka 7 kila mmoja kwa kuua bila kukusudia. Ukilinganisha na kijana wa Kisumu, ambaye kifo chake kilionwa na nchi nzima kwenye televisheni, msichana wa Kinango aliuawa gizani bila kamera. Tofauti ya kesi hizo mbili ni sheria ya 2011.

Huku kesi hiyo ikiendelea, sheria yenyewe ilikuwa tayari inakatwa. Mashambulizi ya kigaidi yalikuwa yakifuatana: Westgate, Septemba 2013, watu 67 waliuawa. Mpeketoni, Juni 2014. Basi la Mandera, Novemba 22, 2014, abiria 28. Siku kumi baadaye, wachimba mawe 36. Nchi iliogopa, na ilikuwa na haki ya kuogopa. Mwaka 2014 huohuo Jedwali la Sita lilirekebishwa. Mbali na kulinda uhai, askari aliruhusiwa kutumia bunduki kulinda mali, na pia kumzuia aliyeshtakiwa kwa kosa kubwa asitoroke. Maneno machache yaliongezwa, na bohari ikarudi ndani ya sheria.

Lililofuata lilikuwa kubwa zaidi. Mswada wa kurekebisha sheria za usalama ulichapishwa Desemba 2014 na kufikishwa ukumbini katika muda wa siku chache. Uligusa sheria zaidi ya 20 kwa mkupuo mmoja. Alhamisi ya Desemba 18 karatasi zilichanwa, maji yakamwagwa, wabunge wakakunjana mashati, na katikati ya kelele hizo mswada ukatangazwa kuwa umepita. Rais Uhuru Kenyatta aliutia sahihi kesho yake.

Muungano wa upinzani wa CORD na Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu walikimbilia kortini kabla ya mwaka kwisha. Jaji George Odunga alisimamisha vifungu vinane Januari 2, 2015. Kisha wakakaa majaji watano: Isaac Lenaola, Mumbi Ngugi, Hilary Chemitei, Hedwig Ong'udi na Joseph Onguto. Februari 23, 2015 walitoa uamuzi ambao nauona kuwa miongoni mwa kazi bora za mahakama ya Kenya. Hawakuudharau ugaidi. Walikubali kwamba serikali ina wajibu wa kuwalinda watu na kwamba haki nyingi zinaweza kuwekewa mipaka. Lakini walichukua kila kifungu kilicholalamikiwa na kukipima kwa kipimo cha Ibara ya 24 ya Katiba: je, kimeandikwa wazi kiasi cha mtu kujua anakatazwa nini, kina lengo gani, na hakukuwa na njia nyepesi zaidi ya kulifikia lengo hilo?

Vifungu vinane vilianguka. Kilianguka kile kilichotishia faini ya hadi shilingi milioni 5 kwa kuchapisha picha au habari zinazoweza kutia watu hofu. Kikaanguka kile kilichowaruhusu waendesha mashtaka kumficha mshtakiwa sehemu ya ushahidi dhidi yake, na kile kilichomweka rumande mtu aliyekwisha kupewa dhamana ili upande wa mashtaka ukate rufaa. Kikomo cha wakimbizi 150,000 nacho kilifutwa, maana Kenya ilikuwa na wakimbizi zaidi ya 400,000, na kukitekeleza kungekuwa kuwarudisha walikotoroka kifo.

Mengine yalibaki. Serikali iliruhusiwa kunasa mawasiliano katika vita dhidi ya ugaidi. Na kikabaki kifungu ambacho hakikupigiwa kelele sana mitaani: namna ya kumpata Inspekta Jenerali. Chini ya sheria ya 2011 Tume ya Huduma ya Polisi ilitangaza nafasi, ikawahoji waombaji hadharani na kumpelekea rais majina achague. Sheria mpya ilimpa rais uwezo wa kumteua mtu wake na kumpeleka Bungeni aidhinishwe. Majaji walisema Katiba inaruhusu. Naheshimu hoja yao, lakini nadhani hapo walikosea kwa kutotazama historia. Njia ya Arthur Young ilizibwa kwa sababu aliyekuwa juu yake ndiye aliyemzuia, na Ransley alikuwa amejaribu kuifungua njia hiyo.

Juni 2016 ilionyesha bei ambayo mlalamishi anaweza kulipa. Mwendesha bodaboda aliyepigwa risasi mkononi na ofisa wa polisi aliandika malalamiko IPOA, kama sheria inavyomruhusu. Wakili wake, Willie Kimani, alikwenda naye korti ya Mavoko. Walipotoka, wao na dereva wao wa teksi walitekwa, wakafungiwa kwa muda katika kituo cha Polisi wa Utawala cha Syokimau, na miili yao ikapatikana mtoni Ol Donyo Sabuk. Mawakili walisusia korti na kuandamana. Kesi ilichukua miaka sita. Julai 2022 Jaji Jessie Lesiit aliwapata na hatia maofisa watatu na raia mmoja aliyekuwa mpasha habari wao, na Februari 2023 ofisa mmoja akahukumiwa kifo, wengine vifungo virefu. Haki ilipatikana, lakini waliokuwa wameitafuta kwa njia ya fomu na sahihi walikuwa makaburini.

Mwaka 2017 ulileta sheria mbili nzuri, ya kuzuia mateso na ya kuunda ofisi ya wachunguza vifo. Ya pili ni muhimu kuliko inavyosikika, kwa maana mchunguza vifo asiye polisi ndiye wa kwanza kusema kama maelezo ya kituo na majeraha ya mwili yanalingana. Ilikaa kwenye karatasi miaka mingi bila ofisi kufunguliwa.

Matokeo ya kukosa ofisi hiyo yameonekana. Katika maandamano ya kupinga Mswada wa Fedha mwaka 2024, Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilihesabu angalau vifo 60, na wachunguzi wa IPOA walilalamika kwamba maofisa hawakuwapa ushirikiano. Juni 2025 mwalimu kijana aliyekamatwa kwa maandishi ya mtandaoni alifia katika seli za Central, ndipo palipokuwa Kingsway ya Harry Thuku. Polisi walisema alijigonga kichwa ukutani. Madaktari waliochunguza maiti wakasema majeraha yale hayangeweza kuwa ya kujigonga. Inspekta Jenerali alisimama mbele ya Seneti akaomba radhi, na maofisa, akiwemo mkuu wa kituo, wakashtakiwa kwa mauaji. Kilichowafikisha kortini ni IPOA, uchunguzi wa maiti uliofanywa mbele ya madaktari wa familia, na umma uliokataa kunyamaza.

Wiki chache baadaye waziri wa usalama alisema hadharani kwamba anayekaribia kituo cha polisi kwa vurugu apigwe risasi, na Julai rais naye akasema wanaoharibu mali za watu wapigwe risasi ya mguu. Waziri alijitetea kwamba alikuwa akieleza sheria ilivyo. Ninayo sheria hiyo mbele yangu. Haina kifungu kinachompa waziri wala rais uwezo wa kuamuru risasi kwa kipaza sauti, na askari atakayefyatua kwa maneno hayo hatakuwa na pa kujificha.

Mabunge yajayo yana kazi tatu zisizohitaji tume nyingine wala jopo jingine. Yafute maneno ya mwaka 2014 yaliyorudisha ulinzi wa mali ndani ya Jedwali la Sita. Yarudishe usaili wa wazi wa Inspekta Jenerali mikononi mwa Tume. Yatoe fedha za wachunguza vifo. Nawe msomaji, mtu wako akikamatwa, dai nambari yake kwenye kitabu cha matukio, andika jina na nambari ya ofisa aliyemkamata, hesabu saa 24, na zikipita bila korti, nenda IPOA ukalalamike kwa maandishi, ukiwa na shahidi. Na mswada wa usalama ukitangazwa tena gazetini, Bunge linawajibika kukusikiliza kabla ya kuupitisha: usome kifungu kwa kifungu, upeleke maoni yako kabla ya siku ya mwisho.